Namna ya kukitangaza Kiesperanto mtaani bila kuonekana tapeli

Wakuu, toka Arusha wapokee kongamano la dunia la Kiesperanto (lugha iliyotungwa na mtu mmoja ili watu wa mataifa tofauti waelewane) Agosti 2024, mara ya kwanza kabisa kuja Afrika tangu makongamano hayo yaanze mwaka 1905, watu wa huku kwetu wameamka, kila mwenye nyota ya kijani kifuani, yani nembo ya lugha hii, anataka kutangaza. Safi sana. Shida ni namna tunavyotangaza. Mtu anasimama mbele ya wanafunzi anawaambia hii ndo lugha ya dunia nzima, muda si mrefu kila mtu ataongea, wahini nafasi. Sasa huku kwetu mtu akisikia "wahi nafasi" kuhusu kitu ambacho hajawahi kukisikia toka azaliwe anawaza upatu, anawaza zile kampuni za kuuziana virutubisho, anakuuliza kiingilio shingapi alafu anaondoka. Na mi simlaumu.

Kwaiyo huu mwongozo ni wa mtu ambaye Kiesperanto anakijua kijua, anataka kukipeleka kwa watu wa kawaida, iwe Dar, Mwanza, Nairobi, Bujumbura au Goma, na hana bajeti ya maana. Msimamo wangu nauweka mezani mapema: tangaza kilichopo leo, dunia ya kesho waachie wenyewe wa kesho. Kilichopo leo ni lugha nyepesi kuianza, na watu waliotawanyika nchi nyingi ambao watafurahi kuongea na wewe kwa sababu tu umejifunza. Basi. Ukikionyesha vizuri hicho kinatosha.

Hatua ya 1: ijue historia, alafu jifunze kuikatisha

Swali la kwanza siku zote ni "nani kaileta?" Jibu lako lisizidi dakika mbili. L. L. Zamenhof, Myahudi, daktari wa macho, kazaliwa 1859 mji wa Białystok, leo ni Poland, enzi hizo ilikuwa chini ya Urusi. Mji ule Warusi, Wapoland, Wajerumani na Wayahudi walikuwa wanaishi pamoja na hawaelewani, kila kundi na lugha yake na chuki yake. Akakua na wazo la lugha isiyo ya kundi lolote. Mwaka 1887 akatoa kijitabu chake Warsaw, baba mkwe ndo alisaidia hela za uchapaji, na hakutumia jina lake akajiita Doktoro Esperanto, yani daktari anayetumaini. Jina la daktari likawa jina la lugha.

Humo kwenye kijitabu kulikuwa na vifomu vya kukata na kutuma, unaahidi utajifunza endapo watu milioni 10 nao wameahidi. Hiyo milioni 10 haikuja hata kwa mbali. Orodha ya anwani aliyoitoa 1889 ilikuwa na watu elfu moja. Na hao elfu moja ndo waliosimamisha lugha, maana badala ya kukaa kusubiria milioni 10 wakaanza kuandikiana barua. Mi hii hadithi naipenda kuliko zote za Kiesperanto na huwa naiweka mbele, kwa sababu inajibu kabla hujaulizwa lile swali la "mbona watu wachache".

Kuna kingine ukijue hata kama hutakisema. Kabla yake kulikuwa na lugha inaitwa Volapük, ya padri wa Kijerumani Johann Martin Schleyer, imetoka miaka ya 1879 na 1880. Ilivuma Ulaya, vyama kila kona, alafu ndani ya miaka kama kumi ikaanza kusambaratika, watu wanataka marekebisho na padri anataka neno la mwisho liwe lake. Zamenhof yeye toka siku ya kwanza aliandika kwamba ameachia haki zote, lugha ni mali ya umma. Maana yake kwako we mtangazaji: huhitaji kibali cha mtu kufundisha, huhitaji leseni, hamna makao makuu ya kulipa asilimia. Mtu yeyote akikuambia lazima ununue kozi kwake ndo uruhusiwe kufundisha, huyo kimbia.

Hatua ya 2: usianzie stendi

Watu wanaenda stendi, wanaenda sokoni, wanagawa vipeperushi. Pale mtu ana mzigo kichwani, ana basi linaondoka, we unamwambia habari za lugha ya kimataifa. Karatasi yako itafungia karanga.

Tafuta watu ambao tayari wanajifunza lugha bila kulazimishwa. Wapo wengi kuliko unavyodhani. Kuna mabinti wanajifunza Kikorea kwa ajili ya tamthilia, kuna vijana wa katuni za Kijapani, kuna wanaojifunza kuandika programu za kompyuta (hawa wanapenda sana kitu chenye kanuni zisizo na vighairi), kuna walimu wa Kiswahili wanaopenda isimu, kuna klabu za midahalo sekondari, kuna watu wa maktaba ya mkoa. Hawa ukiwaambia kuna lugha mtu mmoja kaiunda na watu wanaiongea kweli, macho yanawatoka, hawaulizi kwanza ina faida gani.

Shuleni nenda kwa adabu. Primari mwone mwalimu mkuu, sekondari mkuu wa shule, peleka barua fupi ya Kiswahili inayosema unataka klabu ya baada ya vipindi, bure, mara moja kwa wiki, na umtaje mwalimu mmoja wa hapo hapo atakayekuwepo muda wote. Usiingie shule kwa mlango wa kujuana na mwanafunzi. Na kama mnataka kufungua akaunti ya benki na kujiita chama, Tanzania mnaenda kwa Msajili wa Vyama, Wizara ya Mambo ya Ndani, nchi zingine mna taratibu zenu. Ila kijiwe cha watu sita chini ya mwembe wanaojifunza vitenzi hakihitaji katiba wala mweka hazina, anzeni tu, maana nimeona vikundi vinagombea uenyekiti kabla mtu yeyote hajaweza kusema habari za asubuhi.

Hatua ya 3: dakika kumi za ubaoni (hapa ndo penyewe)

Hii hatua ukiipatia zingine zote zinakuwa rahisi. Usihutubie. Andika ubaoni, au kwenye karatasi kubwa, hivi:

hotelo, banko, doktoro, hospitalo, radio, telefono

Nyamaza. Waache wasome wenyewe kwa sauti. Watasoma vizuri kabisa na wataelewa, kwa sababu irabu za Kiesperanto ni a e i o u zile zile zetu, na mkazo unakaa silabi ya pili toka mwisho kama Kiswahili. Mzungu wa London hapo anajikanyaga, mtoto wa darasa la tano wa Tandahimba anasoma kama maji. Waambie hilo. Watu wetu wamezoea kuambiwa matamshi yao ni mabaya, sasa hii ni lugha ya nje ambayo matamshi yao ndo sahihi toka dakika ya kwanza, we acha tu, utaona mabega yanavyonyooka.

Alafu waulize maneno yote yanaishia na nini. Wataona o. Basi wamejifunza kanuni, jina la kitu linaishia na o, ukiongeza j mwishoni inakuwa wingi, na hiyo j inasomwa kama y ya yai. Hoteloj, bankoj.

Twende vitenzi. Chukua kitenzi cha mtaani, vendi, kuuza.

Mi vendas, nauza.
Mi vendis, niliuza.
Mi vendos, nitauza.

Hapo waonyeshe: sisi tuna na, li, ta, wao wana as, is, os, tofauti ni kwamba sisi tunaweka mbele wao wanaweka nyuma. Na kitenzi hakibadiliki, awe mimi awe wewe awe wao, vendas ni vendas. Mtu aliyewahi kuchapwa fimbo kwa ajili ya vitenzi vya Kiingereza visivyofuata kanuni anashusha pumzi hapo.

Sasa ndo mchezo wenyewe. Andika lerni, kujifunza, alafu lernejo, shule. Vendi, vendejo, mahali pa kuuzia. Kuiri, kupika, kuirejo, jikoni. Usiwaeleze ejo ni nini. Uliza tu: dormi ni kulala, bweni je? Subiri. Atatokea mmoja wa nyuma kabisa atapiga kelele "dormejo!" na darasa litalipuka. Umemaliza kazi. Yule mtoto katengeneza neno la lugha ambayo robo saa iliyopita alikuwa haijui, na neno ni sahihi, hamna hotuba itakayompa hisia hiyo. Ongeza isto kwa mwenye kazi yake, vendisto, kuiristo. Ongeza mal kwa kinyume, bona nzuri malbona mbaya, varma joto malvarma baridi. Hapo jiandae, lazima kuna mchekeshaji atauliza kinyume cha embe.

Sisi ni watu wa viambishi, tunapika, mpishi, mapishi, upishi, tunapikiana, kwaiyo kuunganisha vipande vya neno tunakufanya toka tunaongea maneno ya kwanza. Tumia faida hiyo. Lakini usidanganye kwamba maneno yenyewe yanafanana na ya kwetu. Mizizi karibu yote imetoka Ulaya, Kilatini na watoto wake, Kijerumani, kidogo Kirusi na Kipoland. Mwenye Kiingereza cha sekondari au Kifaransa cha Bukavu atakuwa na nafuu, asiye na hivyo atakariri. Sema hivo hivo.

Namna ya kufundisha: itikio la pamoja. Yupo padri anaitwa Andreo Cseh, mwaka 1920 huko Sibiu, Romania, alikuwa na darasa lenye watu wa lugha tofauti tofauti, ikabidi afundishe bila kutafsiri, anainua kitu, anauliza, darasa zima linaitikia, na utani mwingi katikati. Njia hiyo ikazunguka Ulaya nzima. Kwa walimu wetu si jambo geni, sisi darasa la kuitikia ndo tumezaliwa nalo. Inua kalamu, "Ĉu tio estas banano?" wote "Ne!" "Kio ĝi estas?" basi mambo yanaenda.

Mambo ya kutogusa siku ya kwanza: ile n ya mtendwa (mi vendas fiŝon, nauza samaki, hiyo n inaonyesha kinachouzwa). Watu wengi duniani wanajikwaa hapo, na wengine hawaachi kujikwaa hata baada ya miaka. Ukiulizwa jibu, usiifiche, ila usiifundishe kwanza. Na zile herufi zenye kofia zifundishe zinapojitokeza tu: ĉ ni ch, ŝ ni sh, ĝ ni j ya jambo, ĥ ni kh ya kheri kama wanavyoitamka watu wa Mombasa na Unguja, c isiyo na kofia ni ts. Ĵ ndo hatuna, waambie watamke sh huku koo linatetemeka.

Hatua ya 4: karatasi na mabango

Karatasi moja ya A4, pande mbili, inakunjwa. Upande mmoja yale maneno sita, vitenzi vitatu, na mchezo wa ejo wenye nafasi ya kujaza. Upande wa pili mahali na saa mnayokutana, na namba moja ya simu ya kikundi (sio ya mwanafunzi, wala sio yako ya M-Pesa, mtu akiona namba ya kulipia tayari kichwani mwake we ni wale wale). Hamna haja ya picha ya dunia wala watu wa rangi zote wameshikana mikono, hiyo picha kila shirika linayo.

Kabla ya kutoa kopi mia, toa moja. Steshenari nyingi fonti zao hazina ŝ na ĉ, inatoka viboksi au alama za kuuliza, na karatasi yenye viboksi inaonekana ya kihuni. Ikishindikana andika kwa mtindo wa x, sx na cx, Waesperanto wote wanaelewa, ila kwa karatasi ya wageni bora utoe PDF nyumbani ukiwa umeshaikagua. Kwenye simu kibodi ya Gboard ina Kiesperanto, washa tu kwenye mipangilio.

Na Kiswahili chako kikaguliwe. Nasisitiza kwa sababu kosa hili lina umri sawa na lugha yenyewe: mwaka 1888 kijitabu cha Zamenhof kilitolewa kwa Kiingereza na mtafsiri ambaye Kiingereza chenyewe kilikuwa kinampiga chenga, matokeo yakawa kichekesho, ikabidi kitafsiriwe upya, tafsiri ya Richard Geoghegan ikatoka 1889. Siku hizi watu wanachukua tovuti, wanaipitisha kwenye mashine ya kutafsiri, wanachapa. Msomaji wa Kiswahili anagundua mstari wa pili.

Kuhusu nyota ya kijani. Ni nembo nzuri na ina historia yake ila huku kwetu ukiweka nyota kubwa katikati ya bango bila maelezo ndani ya siku mbili utasikia wanasema ni Freemason. Mi ningeweka ndogo pembeni na maneno chini yake, "Kiesperanto, lugha ya kujifunza bure".

Hatua ya 5: maswali magumu

Hapa jiandae kuliko sehemu nyingine yoyote, maana watu wetu wanauliza moja kwa moja.

"Wanaoongea wako wangapi?" Sema ukweli, hamna sensa, makadirio yanapishana kuanzia laki moja hadi milioni mbili kutegemea unamhesabu nani, anayeongea vizuri au aliyejifunza kidogo. Alafu onyesha, usibishane. Fungua simu, onyesha Wikipedia ya Kiesperanto ambayo ipo toka 2001, cheza rekodi ya watu wa nchi tofauti wakiongea, au kama una rafiki Brazil au Japani mpigie video pale pale. Hiyo ya kupiga video ndo inaua kabisa. Mwaka 1905 ilikuwa hivo hivo, watu 688 walikutana Boulogne-sur-Mer, Ufaransa, wengi wao walikuwa wanaandikiana tu na hawana hakika kama wataelewana kwa mdomo, wakaelewana, na kuanzia hapo ile hoja ya "lugha ya kutunga haiongeleki" ikapoteza nguvu.

"Sasa Kiswahili chetu je?" Swali zuri na usilikimbie. Kiswahili ni lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika toka 2022, UNESCO wametupa siku yetu tarehe 7 Julai, hamna anayekuja kukiondoa. Kule kule Boulogne walitoa tamko kwamba Kiesperanto hakikusudii kuchukua nafasi ya lugha yoyote ya watu, ni cha kuongelea na mtu ambaye hamna lugha moja. Pia tamko likasema Mwesperanto ni mtu yeyote anayekijua na kukitumia, kwa lengo lolote lile. Kwaiyo hamna kiapo, hamna imani unayojiunga nayo. Na kama anayekuuliza bado haridhiki mwachie, yuko sahihi kupenda cha kwake.

"Ni cha Wazungu hicho." Maneno yake mengi, ndio. Watu wake sasa hivi, hapana. China, Japani, Iran, Brazil wapo kitambo. Afrika, Lomé huko Togo kuna shule inaitwa Institut Zamenhof ambapo watoto wanakisoma, Benin wapo, Burundi wapo, Kongo wapo, na hapa Tanzania Bunda mkoani Mara wapo kabla hata Arusha haijafikiriwa. Na ukitaka kumwonyesha kwamba si chombo cha dola la Kizungu mwambie hao wakubwa wa Ulaya walivyokifanyia: miaka ya 1920 kilipopelekwa Jumuiya ya Mataifa, Ufaransa ilikikatalia katakata. Hitler alikiandika kwa ubaya kwenye kitabu chake, binti wa Zamenhof, Lidia, akauawa kwenye kambi ya mauaji ya Wanazi ya Treblinka 1942. Stalin naye mwaka 1937 na 1938 akawakamata Waesperanto wengi na kuwaua, kosa lao kuandikiana barua na watu wa nje.

"UNESCO imekipitisha?" Wengi wetu hapa tunatia chumvi. UNESCO wametoa maazimio mawili, Montevideo 1954 na Sofia 1985, ya kutambua thamani yake na kuhimiza nchi zikifikirie. Hayo maazimio hayamlazimishi mtu. Usiseme "kimepitishwa kuwa lugha ya dunia", mwalimu mmoja akienda kuhakiki umekwisha.

"Nitaenda Ulaya?" Eeh, hili ndo swali lenyewe, hata wasipolitamka limo vichwani. Jibu: hapana. Kuna mtandao unaitwa Pasporta Servo, ulianza 1974, watu wa nchi nyingi wanakubali kumlaza bure Mwesperanto aliye safarini, ni kitu kizuri mno, lakini jina lisikudanganye, hautoi visa wala tiketi, na afisa wa ubalozi hajali kama unajua viambishi. Zipo nafasi chache za kujitolea kwenye ofisi za vyama vya kimataifa na zipo ruzuku za kongamano, chache, na wanaozipata ni watu waliofanya kazi miaka. Sema hili siku ya kwanza mbele ya wote. Utapoteza nusu ya ukumbi na hiyo nusu ingeondoka tu baadaye ikiwa imekasirika.

Kuna jambo linaenda sambamba na hilo na tunalikwepa sana: kuombaomba. Mtu anajifunza wiki mbili, anapata marafiki kumi mtandaoni, barua ya tatu anaomba hela ya simu. Kule nje wameshazoea na wengine wakiona jina la nchi yetu wanasita kujibu. Kikundi chako kiwe na sheria moja isiyo na mjadala, hamna kuomba hela kwa mtu mliyekutana naye kupitia lugha. Mradi wa kikundi unaandikiwa barua rasmi kwa chama, kwa jina la kikundi, na hesabu zinatolewa.

Badala ya ndoto ya visa wape hadithi ya Vasilij Eroŝenko. Mrusi, kazaliwa 1890, akapofuka akiwa na miaka minne kwa surua. Alijifunza Kiesperanto, mwaka 1912 akasafiri peke yake mpaka London, Waesperanto wanampokea kituo kwa kituo njiani, baadaye akaenda Japani, akakaa huko akiandika hadithi kwa Kijapani na Kiesperanto. Kipofu, peke yake, enzi za treni za makaa. Hiyo haimpi mtu visa ila inamwonyesha lugha yenyewe inafanya kazi gani kati ya watu.

Hatua ya 6: wiki ya pili

Siku ya kwanza watakuja arobaini, wiki ya pili saba. Usihuzunike, na usiandike kwenye ripoti kwamba umefundisha arobaini. Shughulika na hao saba.

Mkutane sehemu ile ile saa ile ile, hata mvua inyeshe. Grupu la WhatsApp liwe na kazi moja: kila siku kila mtu sentensi moja ya Kiesperanto, au voisi noti fupi, kuhusu siku yake. Mi aĉetis panon. Mi estas laca. Hamna kurusha mahubiri, hamna "tuma kwa watu kumi". Waesperanto wana kitenzi, krokodili, kufanya mamba, maana yake kuongea lugha yako ya nyumbani mkiwa kwenye kikao cha Kiesperanto. Wekeni adhabu ya mamba, anayekosea ananunua karanga. Inafundisha kuliko kitabu.

Vifaa: lernu.net ni bure na ipo toka 2002. Duolingo ina kozi toka 2015 lakini inafundishia kwa Kiingereza na lugha nyingine chache, Kiswahili hamna, kwaiyo usimtume huko mtu wa la saba kisha ushangae amepotea. Kwa wasio na bando, pakua masomo, yatoe kopi, au yarushe kwa Bluetooth siku ya kikao. Na ukishafika kiwango cha kuweza, andikeni masomo yenu wenyewe kwa Kiswahili, yenye daladala na ugali ndani yake, maana mengi yaliyopo mtu anaenda kuteleza kwenye theluji toka somo la pili.

Alafu muwape mtu wa kuongea naye, mapema, kabla hawajawa tayari. Kuna programu ya simu inaitwa Amikumu inayoonyesha waongeaji walio karibu na walio mbali. Kwa watu wazima inatosha. Kwa wanafunzi msiwaachie simu na wageni, fanyeni darasa kwa darasa, mwalimu yupo huku na mwalimu yupo kule, wanabadilishana picha za shule na maswali matano. Watoto wa Kifaransa watauliza kama mna simba barabarani, watoto wetu watauliza kama kweli huko mtu anakaa na mbwa kitandani.

Hatua ya 7: redio

Ukiwa na hao saba wanaoweza kusema kidogo, nenda redio ya jamii au ya mkoa, sio kabla. Vipindi vya asubuhi vya vijana vinatafuta cha kuongelea kila siku, watakukubali. Usiende peke yako, nenda na wawili, mmoja awe mwanafunzi wa kike anayejiamini, na mwambie mtangazaji mapema kwamba mtaongea nusu dakika ya Kiesperanto hewani, yeye akisikiliza, alafu mtamfundisha kusema jina lake na la kituo. Watangazaji wanapenda kufanywa wanafunzi, wasikilizaji ndo wanapenda zaidi.

Peleka karatasi yenye mambo manne, tarehe ya 1887, jina la Zamenhof lilivyoandikwa na linavyotamkwa (wataliharibu tu), mnakutana wapi na saa ngapi, na kwamba ni bure. Tarehe nzuri za kuomba nafasi ni karibu na 26 Julai, siku kijitabu kilipotoka, au 15 Desemba, siku aliyozaliwa Zamenhof, maana mtangazaji anapenda kitu chenye "leo ni siku ya". Simu zikianza kuingia kutakuwa na mmoja wa visa na mmoja wa Freemason, majibu yao mnayo. Kabla hamjatoka studio muombe fundi mitambo awape rekodi kwenye flashi, dakika tatu nzuri kati ya hizo ndo mtakazopeleka kituo kinachofuata.